Fuller Albright, daktari aliyesaka sindano ya mifupa

Huku kandokando ya Ziwa Victoria wengi wetu tunamfahamu bibi aliyejikwaa kidogo tu, nyonga ikavunjika. Tumezoea kusema ni uzee. Daktari Mmarekani Fuller Albright hakuridhika na jibu hilo.

Alizaliwa Buffalo mwaka 1900, akafanya kazi hospitalini Boston. Mwaka 1929 yeye na wenzake waliona jambo la ajabu: homoni ya tezi ndogo za shingoni, ambayo ikizidi mwilini hula mfupa, ilipodungwa kwa wanyama iliweza pia kuujenga.

Mwaka 1941 alieleza habari za wagonjwa 42 wenye mifupa dhaifu. Karibu wote walikuwa wanawake waliokoma hedhi. Akatambua kuwa homoni ya kike ikipungua, mfupa hukosa mlinzi. Akawadunga homoni hiyo, na madini ya chokaa yakapungua kupotelea kwenye mkojo.

Mwenyewe alitetemeka miaka mingi kwa ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1956 alifanyiwa upasuaji wa ubongo, damu ikavuja ndani, na hakuweza tena kuzungumza hadi alipofariki mwaka 1969.

Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha teriparataidi, sindano ya kila siku inayojenga mfupa kwa njia ileile ya 1929. Ni ghali, na si ya kila mgonjwa. Lakini funzo la Albright halina bei: mama aliyekoma hedhi akivunjika kwa kuanguka kidogo, tusiishie kumfunga mfupa. Tumfikishe hospitali, na tuulize kwa nini umevunjika.