Mwenda Jean Bosco, gitare moja iliyofika mbali

Hapa Uvira, vijana wakisikia gitare wanafikiri Kinshasa tu. Sisi wa sindika tunapenda kuwakumbusha mutu mwingine: Mwenda Jean Bosco, mutu wa miji ya shaba, aliyeimba kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

Alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, mji wa Mwami Msiri. Ujana wake tunaukuta Jadotville, leo Likasi, mahali Union Minière ilikuwa inayeyusha shaba na watu wametoka kila upande kutafuta kazi. Kule njo mzungu mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kunasa nyimbo, alimukuta na gitare yake. Hakuwa na orkestre. Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha pili, lakini ukisikia bila kumuona unaapa ni watu wawili.

Wimbo wake Masanga ulipewa zawadi mwaka wa 1952, muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Diski zake zilitoka kwa kampuni ya Gallo, kule Afrika ya Kusini. Sisi tunaochimba tunaijua hiyo njia: kitu kinatoka kwetu, bei yake inapangwa mbali. Lakini wimbo una ujanja wake, unarudi. Diski ziliingia Kenya, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco mwenyewe akaishi Nairobi, akawa na kipindi chake kwa radio. Wapiga gitare wengi wa Kenya walijifunza kwa kumufuata yeye. Mwaka wa 1969 akaitwa mpaka Marekani, kwa tamasha ya Newport.

Na mushahara? Hapa njo tunamupenda zaidi. Bosco hakungoja muziki umulishe peke yake. Alifanya kazi ya benki Lubumbashi, akafanya Gécamines, akafungua na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Jina kubwa, na asubuhi anaenda kazini kama baba yeyote wa kampi.

Wakati Mobutu alikataza majina ya kikristo, watu wakamuita Mwenda wa Bayeke. Kwa jina hilo alitoa diski tena Cape Town mwaka wa 1988. Miaka miwili nyuma yake, mwezi wa tisa 1990, motokari ilimuua barabarani Zambia. Alikuwa na miaka 60.