Chopin: Baba aliandikisha Februari 22, mama akasema Machi 1

Mpiga piano na mtunzi maarufu Frédéric Chopin alizaliwa lini hasa? Swali jepesi, lakini mpaka leo lina majibu mawili.

Mwaka ni 1810, kijiji ni Żelazowa Wola, karibu na Warsaw, Poland. Baba yake, Nicolas, alikuwa Mfaransa aliyehamia huko 1787 akiwa na miaka 16 tu. Mama, Justyna, alikuwa Mpolandi. Mtoto alibatizwa Aprili 23 kwenye kanisa la Brochów, lile lile walikofunga ndoa wazazi wake 1806. Daftari la kanisa, kwa Kilatini, likaandika Februari 22. La serikali nalo hivyo hivyo. Na aliyetoa taarifa ni baba mwenyewe!

Kumbe nyumbani wao walishika Machi 1, na Chopin alipokuwa mkubwa aliitaja tarehe hiyo. Wengi leo wanaegemea upande wa mama. Baba alikwenda kuandikisha wiki nyingi baadaye, kwa hiyo kuchanganya siku si ajabu.

Chopin aliondoka Warsaw Novemba 1830, asirudi tena. Alifariki Paris 1849. Dada yake Ludwika akaurudisha moyo wake Warsaw, na umo hadi leo ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu.

Unasaka babu zako wa Kipolandi? Anza na jina kwenye Geneteka, ni bure. Kisha ingia Szukaj w Archiwach, tovuti ya nyaraka za taifa, utafute picha ya daftari lenyewe. Angalia nani alitoa taarifa, na siku gani.