Ionides, ‘Bwana Nyoka’ wa Newala: Sumu aliyoifuata mitini ilivyofika kwenye ubongo wa panya

Newala. Ukiwa unapogolea mkorosho halafu ukaona kitawi cha kijani kinatambaa, huulizi mara mbili, unashuka. Lakini Newala ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapo waliokuwa wakishuka na kukimbilia kwa mzee mmoja wa Kizungu kumpa habari. Kwake, habari ya nyoka ilikuwa na malipo.

Mzee huyo ni Constantine John Philip Ionides, ambaye wengi walimjua kwa jina la Bwana Nyoka. Amefariki zaidi ya nusu karne iliyopita, lakini nyoka aliowafuata juu ya miti ya uwanda wa Makonde wamekuja kuwa na kazi ambayo hata yeye hakuiona: kuwasaidia watafiti kujua kumbukumbu inakaaje kichwani.

Kutoka ujangili hadi bwana nyama

Ionides alizaliwa mwaka 1901 katika familia ya Waingereza wenye asili ya Ugiriki. Alipitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akatumikia jeshi India, kisha miaka ya 1920 akaletwa Tanganyika kwenye kikosi cha KAR.

Jeshi halikumkaa moyoni. Alichotaka ni pori. Alipoachana na jeshi aliwinda tembo kwa ajili ya pembe, na siyo kila mara kwa kibali. Kwa lugha ya leo, alikuwa jangili.

Mwaka 1933 mambo yakageuka. Idara ya Wanyamapori ilimwajiri, na jangili wa jana akawa bwana nyama. Kituo chake kikubwa kilikuwa Liwale. Kazi ilikuwa kuzuia tembo wasimalize mashamba, kuwasaka simba wala watu na kulinda pori.

Jina lake linatajwa sana kwenye historia ya Selous. Wajerumani ndio walioanza kutenga maeneo ya hifadhi huko tangu mwaka 1896, lakini Ionides ni mmoja wa waliopigania pori hilo lipanuliwe hadi likawa kati ya makubwa kabisa Afrika.

Upanuzi huo ulikuwa na upande wa pili. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha wananchi wa maeneo ya Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa kwenye hifadhi. Vijiji vikafutika, makaburi ya wazee yakabaki porini. Anayemsifu Ionides kwa Selous hawezi kuruka ukurasa huo.

Nyoka wanachukua nafasi

Kadiri umri ulivyosogea, bunduki ilipungua na nyoka wakaongezeka. Aliwakamata wakiwa hai na kuwapeleka kwenye makumbusho na bustani za wanyama. Aliumwa mara nyingi, na vidole vyake vilibeba alama za kazi hiyo. Kuna mjusi asiye na miguu, anayeishi chini ya udongo, aliyepewa jina lake mwaka 1950: Loveridgea ionidesii. Anatokea huko huko Liwale.

Baada ya kustaafu alihamia Newala. Aliyekaa huko anajua kwa nini. Ukitoka Masasi kwenye vilima vya mawe ukapanda juu, unaingia kwenye vichaka, miembe na mikorosho, yaani makazi mazuri ya nyoka wawili aliowataka zaidi. Wa kwanza ni kifutu wa Gaboni, mnene, mwenye rangi kama majani makavu, anayelala chini bila kujitingisha. Wa pili ni koboko wa kijani. Wazungu humwita ‘mamba’ ingawa hahusiani kabisa na mamba wa mtoni.

Mtu akileta habari, Ionides alikwenda na mti mrefu wenye kibanio mwishoni, akambana nyoka kule juu na kumshusha polepole hadi kwenye mfuko. Bila macho ya wenyeji waliojua mti upi una nani, kazi hiyo isingekwenda. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Mwandishi wa Uingereza, Margaret Lane, alikwenda kukaa naye Newala na kitabu chake kuhusu maisha hayo kilitoka mwaka 1963. Mwaka 1965 Ionides na Charles Pitman, aliyewahi kuongoza wanyamapori Uganda, walichapisha maelezo ya kitaalamu kuhusu makundi ya nyoka wenye sumu.

Ionides alifariki Nairobi mwaka 1968. Alipumzishwa ndani ya Selous, kwenye mlima Nandanga.

Kilichokuwa ndani ya sumu

Miaka 12 baadaye sumu ya koboko wa kijani, Dendroaspis angusticeps, ikaanza kutoa siri zake maabara. Mwaka 1980 watafiti walieleza kitu walichokiita dendrotoksini. Kinaziba njia za potasiamu kwenye neva, hivyo neva inaendelea kumwaga asetilikolini, kemikali inayoamrisha misuli. Kitu cha pili, fasikulini, kinazuia kimeng’enya kinachosafisha kemikali hiyo. Kimoja kinafungua bomba, kingine kinaziba mfereji. Ndiyo maana misuli ya aliyeumwa hutetemeka, na hatari kubwa ni pumzi kukata.

Halafu mwaka 1988 ikatangazwa familia nyingine ndani ya sumu hiyo hiyo: sumu za muskarini. Hapa ndipo wataalamu wa ubongo walipokaa vizuri kwenye viti.

Shida yao ilikuwa hii. Kemikali za ubongo, iwe serotonini au asetilikolini, hufanya kazi kwa kushika vipokezi kwenye seli. Serotonini ina vipokezi vya aina 14 hivi, na asetilikolini ina vitano vya kundi la muskarini, M1 hadi M5. Dawa nyingi zinagusa aina kadhaa kwa mpigo. Panya akibadilika tabia, hujui ni kipokezi kipi kimefanya hivyo. Koboko alikuwa na funguo zinazochagua kufuli.

Miaka ya 1990 watafiti wa Amerika Kusini walizijaribu kwa panya. Panya anawekwa juu ya kijukwaa; akishuka, anapigwa shoti ndogo miguuni. Baadaye anarudishwa pale pale. Akisita kushuka, maana yake anakumbuka.

Panya waliowekewa sumu inayoamsha M1 kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, walikumbuka vizuri zaidi. Waliowekewa ile inayozuia M4 walisahau. Tone dogo kutoka kwa nyoka yule yule liliongeza kumbukumbu au kuipunguza, kutegemea kipokezi kilichoguswa. Majaribio kama hayo yanasaidia kuelewa magonjwa ya kusahau kama Alzheimer.

Hadithi haikuishia kwenye ubongo. Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walieleza kitu kingine cha koboko wa kijani, mambakwaretini, kilichopunguza ukuaji wa vifuko vya maji kwenye figo za panya wenye ugonjwa wa kurithi.

Na aliye shambani?

Mwaka huo huo wa 2017, Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Wanaoumia zaidi ni wakulima na watoto wa vijijini, watu wa aina ile ile waliomwonyesha Ionides nyoka walipo. Dawa ya kuzuia sumu ni ghali, inahitaji utunzaji, na kwa wengi hospitali iko mbali.

Kwa hiyo Newala, Masasi au kokote: ukiumwa, tulia, vua pete na viatu, usichanje, usinyonye jeraha, usisubiri kuona kama kutavimba. Tafuta pikipiki au gari uende hospitali haraka. Koboko bado yuko kwenye mikorosho, na sasa hakuna mzee wa kumtumia habari.