MacConkey: Tabibu Aliyepotelea Ndani ya Jina Lake

Katika maabara za hospitali, nchini Kenya na kwingineko, jina MacConkey hutamkwa kila uchao. Mpimaji huipika MacConkey, huimimina katika visahani, huipaka kinyesi cha mgonjwa, kisha huitazama asubuhi ya pili. Mwanaisimu atang'amua mara moja kwamba jina hilo limehama ngeli: lilikuwa la mtu, sasa ni la kitu, na upatanisho wa kisarufi umelifuata huko huko. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwenye jina alikuwa binadamu aliyezaliwa, akahangaika na kuzeeka kama wengine.

Alfred Theodore MacConkey alizaliwa mwaka wa 1861 huko West Derby, Liverpool, nchini Uingereza, baba yake akiwa kasisi. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo alifariki Albert, mume wa Malkia Victoria, na madaktari wake wakataja homa ya matumbo. Wanahistoria wa baadaye wametilia shaka utambuzi huo, na shaka yenyewe yaeleza hali ya enzi hiyo: hata katika kasri, tabibu alikisia tu. Bakteria wa homa hiyo hakuwa ameonekana na yeyote hadi mwaka wa 1880.

MacConkey alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge na Hospitali ya Guy's jijini London, kisha akatibu wagonjwa kwa miaka kadhaa huko Beckenham. Mwaka wa 1897, akiwa na umri ambao wengi huwa wamekwisha kutulia kazini, alirudi Guy's kujifunza elimu ya bakteria. Mwaka huo mji wa Maidstone, ulio katika jimbo la Kent sawa na Beckenham ya wakati huo, ulivamiwa na homa ya matumbo kwa sababu ya maji machafu. Watu zaidi ya 1,800 waliugua na zaidi ya 100 wakafa. Katika Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 nchini Afrika Kusini, homa hiyo hiyo iliua wanajeshi wa Uingereza wapatao 8,000, zaidi ya waliouawa vitani.

Serikali ilikuwa imeunda Tume ya Kifalme ya Majitaka mwaka wa 1898, na MacConkey akaajiriwa kuwa miongoni mwa wataalamu wake, akifanya kazi katika maabara za Thompson Yates huko Liverpool. Kazi yenyewe haikuwa ya fahari: kuchunguza maji ya mitaro. Ugumu wake ulikuwa huu, kwamba tone moja la majitaka lina bakteria wa kila namna, na wanaotafutwa ni wachache mno. Wote wakipewa chakula kimoja, wa udongoni na wa ngozini husongamana hata wale wa matumbo wasionekane.

MacConkey aliwaza kuhusu makazi. Bakteria wa matumbo wamezoea kuishi penye nyongo; wengi wa wengine hawaiwezi. Basi akatia chumvi za nyongo katika chakula chao, na wageni wasioistahimili wakashindwa kuota. Chakula hicho alikitangaza mwaka wa 1900. Aliongeza pia sukari ya maziwa, yaani laktosi, pamoja na litimasi. Bakteria wa kawaida wa utumbo huichachua sukari hiyo na kutoa asidi inayogeuza rangi. Wale wa homa ya matumbo, na wengi wa wanaosababisha kuhara damu, hawaigusi, nao hubaki bila rangi. Ajabu ni kwamba wanaong'ara kwa wekundu aghalabu ndio wenyeji wa utumbo, ilhali mshukiwa ni yule mweupe asiyetia fora. Hata hivyo, katika maji ya kunywa hao wenyeji ni habari mbaya, kwani uwepo wao hushuhudia kwamba kinyesi kimepita humo.

Sifa zote si zake peke yake. Mwaka wa 1902 Grünbaum na Hume waliweka kiashirio chekundu mahali pa litimasi, na ndicho kinachotumika hadi leo. MacConkey naye hakukiona chakula chake kuwa kimekamilika. Mwaka wa 1905 alichapisha uchunguzi mrefu wa bakteria wa kinyesi wanaochachua laktosi, akiwatenga kwa kuwajaribu kwa sukari nyinginezo.

Kuanzia mwaka wa 1906 aliongoza idara ya seramu ya Taasisi ya Lister huko Elstree. Hapo alishughulika na farasi, ambao damu yao ilitoa kinga dhidi ya sumu ya pepopunda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, majeraha yalijaa udongo wa mashamba yenye samadi, na kinga hiyo ikahitajika kwa wingi usio na kifani. Pengine kazi hii iliokoa maisha mengi zaidi, lakini haikubeba jina lake.

Alistaafu mwaka wa 1926, akafariki mwaka wa 1931. Katika maisha yake yote homa ya matumbo haikuwa na tiba. Kuigundua mapema, katika maji au katika mgonjwa, kulikuwa miongoni mwa njia muhimu za kujikinga nayo. Kloramfenikoli, dawa ya kwanza kuiponya, ilianza kutumika mwaka wa 1948.