Imam Ahmad bin Hanbal: Mjeledi Haukumtoa Katika Kweli

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumeketi barazani tukinywa kahawa, mazungumzo yakaangukia habari za wanavyuoni waliotangulia. Kijana mmoja akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitaka kujua kwa nini Imam Ahmad bin Hanbal alikubali kupigwa mijeledi kwa ajili ya neno moja, hali dini yenyewe imemruhusu aliyelazimishwa kutamka kwa ulimi lile ambalo moyo umelikataa. Je, Ammar bin Yasir hakuruhusiwa? Nilirudi nyumbani na swali hilo. Leo, msomaji wangu, nataka kulijibu.

Imam Ahmad alizaliwa Baghdad mwaka wa 164 wa Hijra, yaani 780 Miladia. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na mama yake katika uchache wa mali. Imepokewa kuwa alipokuwa kijana alitaka kutoka gizani kwenda kuwahi darsa ya Hadithi, na mama yake akimshika nguo asitoke mpaka iadhiniwe Alfajiri. Alipokua alisafiri Basra, Kufa, Makka na Madina, hata Yemen, alikokwenda kusoma kwa Abdulrazzaq wa San'a. Fedha zilipomwishia njiani hakunyosha mkono kuomba, bali alijiajiri kwa wenye ngamia. Huko Baghdad, mmoja wa walimu wake alikuwa Imam Shafi, ambaye sisi watu wa pwani hii twafuata madhehebu yake. Kitabu chake, Musnad, kina Hadithi zaidi ya 27,000.

Mtihani ulimfika mwaka 833, naye ameshapita umri wa miaka hamsini. Khalifa al-Maamun alikuwa ameshika rai ya Muutazila, akamwandikia liwali wake wa Baghdad awakusanye makadhi na wanavyuoni, kila mmoja atamke kwamba Kurani imeumbwa. Kadhi aliyekataa alivuliwa kazi yake, na shahidi aliyekataa ushahidi wake haukupokelewa. Kisha yakaja matisho ya upanga. Wengi walitamka, na mimi siwalaumu, kwani upanga si mchezo. Wakabaki wanne. Walipotiwa minyororo, wawili walilegea, wakabaki Imam Ahmad na kijana Muhammad bin Nuh.

Wawili hao walipelekwa wamefungwa kwa Khalifa, aliyekuwa vitani upande wa Tarsus. Kabla hawajafika, al-Maamun akafa, nao wakarudishwa. Muhammad bin Nuh hakuiona Baghdad tena. Alifariki njiani, na Imam Ahmad ndiye aliyemsalia. Basi akaingia gerezani bila ya mwenzake.

Alikaa kifungoni kama miezi 28. Khalifa mpya, al-Mu'tasim, akamleta mbele yake ajadiliane na wanavyuoni wa baraza lake. Kila walipomjia na hoja zao, yeye aliwataka jambo moja tu: wamletee dalili kutoka Kitabu cha Mwenyezi Mungu au Suna ya Mtume wake. Hoja zilipowaisha, ukaitwa mjeledi. Wapigaji walikuwa wakipokezana, huyu akichoka anaingia mwingine, hata Imam akazimia. Wapokezi wanasimulia kuwa alipozindukana alipewa kinywaji akakikataa kwa kuwa alikuwa amefunga, na ilipofika sala ya Adhuhuri akasali hali damu inamtoka.

Sasa narudi kwenye swali la kijana wangu. Ruhusa ya Ammar ni haki, na mnyonge akiitumia hana dhambi. Lakini imepokewa kuwa mwanafunzi mmoja alimkumbusha Imam kuwa asiiangamize nafsi yake. Imam akamwambia atazame nje. Kulikuwa na umati wa watu, kila mmoja na karatasi yake na kalamu yake mkononi, wakingoja kuandika atakalolisema. Imam aliona ni afadhali afe kuliko kuwapoteza wote wale. Neno la mtu wa kawaida laishia kwake mwenyewe. Neno la Imam lingeandikwa, likasomeshwa, likarithiwa.

Wala msidhani alikuwa mtu wa fitina. Katika siku za Khalifa al-Wathiq walimjia watu waliotaka kumpindua Khalifa huyo, naye akawakataza, kwa kuhofia damu za Waislamu zisimwagike. Al-Mu'tasim aliyemuamuru apigwe, alimsamehe. Na dola ilipogeuka, al-Mutawakkil akashika ukhalifa mwaka 847 na baadaye akaukomesha mtihani ule, zilianza kuja zawadi za fedha. Imam alizigawa kwa wahitaji, akachukia hata jamaa zake kuzipokea. Kwake yeye fitina ya mali haikuwa ndogo kuliko ile ya mjeledi. Alifariki Baghdad mwaka 855, mwezi wa Rabiul Awwal, na mji ukajaa watu waliokuja kumsalia.

Wahenga walisema, msema kweli hana wajoli. Imam Ahmad alionja ukweli wa maneno hayo gerezani, lakini baadaye alipata wajoli wasiohesabika. Sisi huenda tusiletewe mjeledi. Tutaletewa karatasi ya kutia sahihi, ushahidi wa kupindisha, au bahasha kwa ajili ya kunyamaza. Hapo kila mmoja wetu, awe mwalimu wa chuo, baba au mama wa nyumba, na atazame nje kwanza aone ni nani wanaongoja kuandika atakalolisema. Aghalabu atawaona watoto wake mwenyewe. Hilo ndilo jibu nililompelekea yule kijana barazani.