Historia: Norbert Wiener, mtaalamu wa hesabu aliyewanyima wakubwa ushauri wake

Mwishoni mwa mwaka 1946, barua moja ilifika mezani kwa profesa wa hesabu katika chuo cha MIT, karibu na mji wa Boston, Marekani. Aliyeiandika alikuwa mtafiti wa kampuni kubwa ya kutengeneza ndege. Ombi lake lilionekana dogo: alitaka nakala ya ripoti ambayo profesa huyo aliitunga wakati wa vita na ambayo ilikuwa imekwisha kabisa. Kampuni ilikuwa kwenye kazi ya makombora yanayojiongoza yenyewe, na hesabu za ndani ya ripoti hiyo zingeisaidia sana.

Profesa alijibu kwamba hatatoa. Hakuishia hapo. Jibu lake lilichapwe katika gazeti The Atlantic Monthly la mwezi wa kwanza mwaka 1947, ili kila mtu alisome: hivyo ndivyo alivyotaka.

Jina lake ni Norbert Wiener. Kijana wa Goma, Bukavu ama Lubumbashi anayesomea informatiki huenda hajawahi kulisikia, lakini njia aliyoivumbua ya kutenganisha sauti na makelele ni kati ya misingi ya mawasiliano ya leo.

Alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 1894 huko Columbia, jimbo la Missouri. Baba yake, Leo Wiener, alikuwa Myahudi kutoka Bialystok, mji uliokuwa wakati ule chini ya Urusi. Alifika Marekani bila mali, mwishowe akawa profesa wa lugha za Kislavu katika chuo kikuu cha Harvard. Huyu mzee alijua lugha nyingi ajabu. Aliandika hata vitabu vitatu akidai kwamba Waafrika walifika Amerika kabla ya Kolumbus, dai ambalo wataalamu wengi hawakulipokea.

Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa Norbert nyumbani. Mtoto akikosea hesabu, sauti ya baba ilipanda, na mara nyingi somo liliishia kwa machozi. Matunda yalionekana: akiwa na miaka 11 alimaliza shule ya sekondari, akiwa na miaka 14 alipata diploma ya hesabu katika chuo cha Tufts, na akiwa na miaka 18 alikuwa daktari wa Harvard. Magazeti yalimwita mtoto wa ajabu. Lakini baba alitangaza hadharani kwamba mwanawe hakuzaliwa na akili ya pekee, kwamba yote yametokana na malezi. Norbert alibeba kidonda hicho hadi uzeeni. Alielewa kwamba akishinda, ushindi ni wa baba. Akianguka, anguko ni lake peke yake.

Alipitia Cambridge nchini Uingereza kwa Bertrand Russell, na Göttingen nchini Ujerumani. Mwaka 1919 aliingia MIT na hakuhama tena. Huko alijulikana kwanza kwa hesabu za mwendo wa chembe ndogo sana zinazoyumba ndani ya maji, zile ambazo leo watu wa benki na wa bei za soko wanazitumia. Mwaka 1926 alimwoa Margaret Engemann, mzaliwa wa Ujerumani, na wakapata mabinti wawili. Alikuwa mtu mnene, mwenye macho mabovu na sigara mkononi, anayezunguka ofisi kwa ofisi akiwaeleza wenzake wazo la siku hiyo, wapende wasipende.

Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyombadilisha. Mwaka 1940 ndege za Hitler zilikuwa zinaipiga Uingereza, na mizinga ya kutungua ndege ilikuwa inakosa. Risasi ya mzinga inachukua sekunde nyingi kupanda, na wakati huo ndege imeshasogea. Kwa hiyo mpigaji lazima alenge pale ambapo ndege itakuwa, wala si pale ilipo. Wiener, pamoja na mhandisi Julian Bigelow, alijaribu kutengeneza mashini ya kukisia njia ya rubani. Waliona kwamba rubani anayepigwa risasi hayumbi ovyo: mwili wake na ndege yake vinamwekea mipaka, na mipaka hiyo inaweza kuhesabiwa. Mashini yenyewe haikufika kwenye uwanja wa vita. Hesabu zake zilibaki katika ripoti ya siri ya mwaka 1942, yenye jalada la manjano, na hesabu ngumu kiasi kwamba wahandisi waliiogopa. Ndiyo ile iliyoombwa mwaka 1946.

Kutokana na kazi hiyo, na mazungumzo marefu na rafiki yake Arturo Rosenblueth, daktari mtafiti kutoka Mexico, Wiener aliona kwamba mashini na kiumbe hai vinajiongoza kwa njia moja. Mvuvi wa Ziwa Kivu akivuka na mtumbwi wakati wa upepo anapiga kasia, anaangalia mtumbwi umeelekea wapi, anarekebisha, anaangalia tena. Taarifa ya kosa inarudi kwake na kuongoza pigo linalofuata. Elimu hiyo Wiener aliipa jina la sibernetiki, kutoka neno la Kigiriki la mshika usukani, na kitabu chake cha mwaka 1948 kilinunuliwa kuliko alivyotegemea yeye mwenyewe, ingawa kurasa zake nyingi zimejaa hesabu ambazo msomaji wa kawaida anaziruka.

Turudi kwenye ile barua. Kati ya ripoti ya manjano na barua hiyo kulikuwa na Hiroshima na Nagasaki. Msomaji wa Congo ana sababu ya kusimama kidogo hapa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Wiener hakufanya kazi kwenye bomu hilo, lakini aliona wanasayansi wenzake walivyotoa maarifa yao kwa watu ambao baadaye hawakuwauliza neno juu ya matumizi yake. Katika jibu lake alieleza kwamba kutoa habari za kisayansi kunaweza kuwa ni kutoa silaha. Kwamba makombora yale hayana kazi nyingine ila kuua raia bila kuchagua. Na kwamba tangu sasa hatachapisha kazi inayoweza kuleta madhara mikononi mwa wanajeshi wasio na kizuizi. Alikiri kwamba kampuni inaweza kuipata ripoti kwa serikali. Ila isipitie mkononi mwake.

Mwezi uleule wa kwanza mwaka 1947 alijitoa katika mkutano wa Harvard juu ya mashini kubwa za kuhesabu, kwa sababu jeshi la majini lilikuwa mdhamini. Wenzake wengi walikasirika. Pesa za jeshi ndizo zilizokuwa zinalisha maabara, na huyu alikuwa anawaonyesha kana kwamba mikono yao ni michafu. Polisi wa upelelezi, FBI, nao walimfungulia faili.

Je, kukataa kwake kulizuia kombora hata moja? Tuseme ukweli: hapana. Mwaka 1949 ripoti yenyewe, ikiwa imeondolewa siri, ilitoka kama kitabu cha wazi chenye jina lake, na hesabu zake ziliingia kila mahali, kwenye simu kama kwenye silaha. Wapo waliomcheka kwa hilo. Mimi naona kwamba swali lake lilikuwa jingine. Alikuwa anauliza mshauri anadaiwa nini pale anapojua kazi yake itakwenda kufanya nini, na jibu la kwamba mwingine ataifanya halikumtosha.

Mwaka uleule wa 1949 alijaribiwa upande mwingine. Kampuni kubwa ya viwanda ilimfuata imuombe ushauri: je, iingie katika biashara ya mashini za kujiongoza za kuendesha viwanda? Kazi kama hiyo ingemlipa vizuri. Wiener alikataa, kisha tarehe 13 mwezi wa nane akamwandikia mtu ambaye hakuna aliyetazamia: Walter Reuther, mkuu wa sendika ya wafanyakazi wa magari. Alimweleza kwamba kompyuta zikiunganishwa na mashini hizo, kiwanda kitafanya kazi karibu bila watu, na kwamba katika miaka kumi hadi ishirini kazi nyingi za mikono zingepotea. Alimwachia njia mbili: sendika yenyewe ishike mashini hizo ili faida iwafikie wafanyakazi, ama wazo lizuiliwe kabisa. Yeye alikuwa tayari kusaidia vyovyote. Reuther alimjibu kwa telegramu, na baadaye walionana.

Kwa hesabu ya miaka, Wiener alikosea. Viwanda vya magari havikubaki vitupu mwaka 1969. Kwa upande alioelekea mambo, hakukosea sana. Mwaka 1950 alitoa kitabu kingine, The Human Use of Human Beings, kwa watu wasiojua hesabu. Humo alifananisha mashini na mtumwa: anayeshindana na mtumwa kwa bei atalazimika kukubali maisha ya mtumwa.

Mtu huyu wa dhamiri hakuwa mwepesi kuishi naye. Alizama katika huzuni mara kwa mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwakata ghafla marafiki zake Warren McCulloch na Walter Pitts, waliokuwa kati ya watu wa kwanza kuandika hesabu za neva za ubongo, bila kuwapa maelezo. Pitts alikuwa kijana aliyemtazama Wiener kama baba. Hakuinuka tena, aliingia katika pombe na kazi yake ikafifia. Jambo hilo lazima liandikwe karibu na yale ya 1947.

Mwaka 1960, katika gazeti la Science, Wiener aliandika juu ya mashini zinazojifunza. Programu ya mchezo wa dama iliyotengenezwa na Arthur Samuel ilikuwa imeshamshinda aliyeitunga. Samuel mwenyewe alimpinga katika gazeti hilohilo, akisema mashini haina nia yake. Lakini hofu ya Wiener ilikuwa kwamba mashini itatimiza kile tulichoagiza, hata kama sicho tulichokitaka, na itakwenda haraka kuliko sisi kuweza kuisimamisha. Alipenda kukumbusha hadithi ya W. W. Jacobs ya mkono wa nyani: wazee wanaomba pauni mia mbili, na pesa zinakuja, kama fidia ya mtoto wao aliyesagwa na mashini kiwandani. Wanaotengeneza akili bandia leo bado wanahangaika na jambo hilohilo.

Mwezi wa kwanza mwaka 1964 rais Lyndon Johnson alimvika nishani ya taifa ya sayansi. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 mwezi wa tatu, Wiener alifariki akiwa safarini Stockholm, nchini Sweden. Alikuwa na miaka 69. Kitabu chake cha mwisho, God and Golem, Inc., kilitoka mwaka huohuo na kikapata tuzo la taifa la vitabu mwaka 1965, bila mwandishi kuwepo kulipokea.