Julie Ward: Mpigapicha aliyetoweka Maasai Mara na ripoti iliyobadilishwa

ALASIRI ya Septemba 6, 1988, mwanamke kijana wa Kiingereza aliyekuwa akiendesha jipu ndogo aina ya Suzuki alifika katika kambi ya Sand River, kusini mwa mbuga ya Maasai Mara, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Alikuwa peke yake. Aling'oa mahema yaliyokuwa yameachwa hapo, akayapakia garini, kisha akashika njia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ambayo inafahamika bila ubishi kwamba alionekana akiwa hai.

Julie Anne Ward alikuwa na umri wa miaka 28. Hadi siku hiyo jina lake halikuwa na maana yoyote kwa Wakenya. Wiki moja baadaye lilikuwa katika kurasa za mbele za magazeti ya Nairobi na London, na kwa zaidi ya miongo mitatu iliyofuata likawa mwiba kwa serikali mbili.

Marehemu alizaliwa Aprili 1960 nchini Uingereza na makao ya familia yake yalikuwa Bury St Edmunds, mji mdogo katika jimbo la Suffolk, mashariki mwa nchi hiyo. Babake, John Ward, alikuwa mfanyabiashara aliyemiliki hoteli. Julie mwenyewe alifanya kazi katika kampuni ya uchapishaji wa vitabu. Ilikuwa kazi ya kawaida ya ofisini, na moyo wake haukuwa huko. Alipenda wanyama, na alipenda kuwapiga picha. Hakuwa mpigapicha wa kulipwa, bali mtu aliyejifundisha kwa mapenzi yake na kutumaini kwamba siku moja kamera ingempatia riziki.

Ndoto ya Afrika ilikuwa imemkaa kwa muda mrefu. Mwaka 1988 aliiacha kazi na kuja barani, na baada ya safari ndefu akatua Kenya, ambako alikaa kwa miezi kadhaa. Jijini Nairobi alipiga hema katika boma la mwenyeji mmoja Mwingereza mtaani Lang'ata, akapata marafiki na gari la kuzungukia. Kufikia Septemba siku zake za kurejea Uingereza zilikuwa zimekaribia. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakutaka kuondoka kabla ya kuliona, nalo ni msafara wa nyumbu.

Yeyote aliyewahi kufika Mara kati ya Julai na Oktoba anaelewa ni kwa nini. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kati ya Serengeti na Mara wakifuata mvua na majani mabichi, wakiandamwa na simba na fisi, na mitoni wakisubiriwa na mamba. Kwa mtu mwenye kamera, hakuna mandhari yanayoshinda hayo.

Alisafiri pamoja na rafiki yake, mwanasayansi kutoka Australia. Wakiwa huko jipu ikaharibika. Rafiki huyo alilazimika kurudi Nairobi kwa ndege, naye Julie akabaki kungoja gari litengenezwe, akilala katika hoteli ya Serena ndani ya mbuga. Jipu ilipopona, alikuwa na shughuli moja tu iliyosalia, kwenda Sand River kuchukua mahema kisha aanze safari ya kurejea jijini.

Wapo waliomlaumu baadaye kwa kuendesha gari peke yake porini. Lawama hiyo ni nyepesi. Njia kati ya Serena, Keekorok na Sand River zilipitiwa na magari ya watalii kila siku, na katika miaka hiyo aliyeogopwa katika mbuga alikuwa mnyama, si binadamu.

Siku zilipita bila Julie kuonekana Nairobi. Mwenyeji wake wa Lang'ata alishikwa na wasiwasi akapiga simu Suffolk. John Ward hakungoja maelezo ya maafisa. Alipanda ndege hadi Nairobi, akakodi ndege ndogo kadhaa na kuanzisha msako wake mwenyewe angani, juu ya eneo la zaidi ya kilomita 1,500 mraba.

Septemba 13 rubani mmoja aliona jipu ikiwa ndani ya korongo. Juu ya paa lake mtu alikuwa ameandika kwa matope herufi SOS, ishara inayotumiwa duniani kote kuomba msaada. Ndani hamkuwa na mtu. Saa chache baadaye, kilomita kadhaa kutoka hapo, palipatikana jivu la moto, na kando yake mguu wa kushoto na kipande cha taya ya binadamu. Baba aliyekuwa ameondoka kwao akitarajia kumkuta bintiye amekwama mahali akiwa na njaa na kiu alipelekwa kutazama masalio hayo kabla ya jua kutua.

Maelezo ya serikali yalitolewa upesi mno. Julie, ilisemwa, aliliacha gari lililokwama, akatembea porini, akaliwa na wanyama. Nadharia nyingine zilizuka, zikiwemo kwamba alipigwa na radi au kwamba alijiua. Hakuna iliyoeleza ni simba gani anayewasha moto.

Si vigumu kuona sababu ya haraka hiyo. Mwishoni mwa miaka ya themanini utalii ulikuwa miongoni mwa nguzo kuu za fedha za kigeni nchini, ukishindana na kahawa na chai, na Waingereza walikuwa wateja wakubwa. Mtalii kuliwa na simba ni ajali ya kusikitisha. Mtalii kuuawa ndani ya mbuga mashuhuri kuliko zote, labda na watu waliopaswa kuilinda, ni habari ya kufunga hoteli. Nao ulikuwa utawala wa chama kimoja, ambapo afisa mdogo alijua vyema ni majibu yapi yaliyopendwa na wakubwa.

Hapo ndipo lilipozuka jambo lililoifanya kesi hii isifanane na nyingine. Masalio yalipelekwa Nairobi na kuchunguzwa na daktari wa polisi, Dkt Adel Shaker. Alichokiona kilikuwa wazi kwa mtu wa taaluma yake. Mguu ulikuwa umetenganishwa na mwili kwa kifaa chenye makali. Mnyama hutafuna na kuvunja, naye huacha alama za meno. Panga huacha ukingo ulionyooka. Daktari aliandika alichokiona.

Ripoti ilipotoka, maneno hayakuwa yale. Mkubwa wake kazini, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali wa uchunguzi wa maiti, alikuwa ameyapitia na kuyarekebisha. Maelezo ya kukatwa yaliondolewa, na mahali pake yakawekwa ya kuraruka na kupasuka. Kwa mabadiliko hayo machache ya msamiati, muuaji aliondolewa porini na simba akawekwa mahali pake.

Pengine mambo yangeishia hapo kama familia ya marehemu ingekuwa haina uwezo au haina ukaidi. Ni familia ngapi za Kenya, katika miaka hiyo hiyo, zilikabidhiwa ripoti za aina hiyo na kwenda kuzika? John Ward alikuwa na vyote viwili. Alisafirisha masalio hadi Uingereza, yakachunguzwa upya na Profesa Austin Gresham wa Cambridge, aliyefikia uamuzi ule ule wa Dkt Shaker wa awali kwamba mguu ulikatwa kwa kifaa chenye makali.

Palikuwa pia na suala la kitabu cha kumbukumbu katika lango la Sand River, ambamo kila mgeni hutia saini anapoondoka. Saini ya Julie ilikuwemo. Wataalamu wa miandiko walipoichunguza walisema haikuwa ya mkono wake.

Kwa shinikizo la Ward, kesi ya kuchunguza chanzo cha kifo hicho ilifanyika Nairobi mwaka 1989 mbele ya hakimu Joseph Mango. Ulikuwa mwaka mbaya kwa sifa za mbuga za Kenya. Majangili walikuwa wakiangamiza ndovu, na mnamo Agosti George Adamson, mzee aliyejulikana ulimwenguni kwa kuishi na simba, aliuawa kwa risasi huko Kora. Mahakamani, suala la ripoti iliyobadilishwa lilianikwa hadharani. Mnamo Oktoba hakimu Mango aliamua kwamba Julie Ward hakufa kwa ajali wala kwa meno ya mnyama, bali aliuawa. Kwa hakimu wa mahakama ya chini katika Kenya ya mwaka 1989, kutamka hivyo kinyume cha msimamo wa polisi hakukuwa jambo dogo, na linastahili kukumbukwa kwa heshima.

Baada ya uamuzi huo, Rais Daniel arap Moi aliwaruhusu makachero wa Scotland Yard kuja kusaidia. Walifika mwaka 1990, mwaka ule ule ambao wapelelezi wengine wa idara hiyo waliitwa nchini kuchunguza mauaji ya Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Dkt Robert Ouko. Katika visa vyote viwili Wakenya walitarajia wageni wangefumbua kilichowashinda wenyeji. Katika visa vyote viwili matarajio hayo hayakutimia.

Makachero hao waliwashuku walinzi wawili wa mbuga waliokuwa katika kituo kidogo karibu na eneo la tukio, na wawili hao wakashtakiwa kwa mauaji. Kesi yao ilisikilizwa mwaka 1992 mbele ya Jaji Fidahussein Abdullah. Aliwaachilia huru kwa kukosekana kwa ushahidi wa kutosha dhidi yao, akisema kwamba wapo wengine waliostahili kuchunguzwa.

Ward alirudi tena. Kwa hesabu iliyotajwa mara nyingi alisafiri kuja Kenya zaidi ya mara 100, na gharama zake zilikaribia pauni milioni mbili. Alijifunza barabara za Mara kama dereva wa matatu anavyoijua njia yake. Alikutana na mawaziri, walinzi, mawakili na watu waliodai kujua siri, wakiwemo bila shaka waongo waliotaka fedha tu. Aliandika kitabu mwaka 1991, ambacho kichwa chake kiliwaondolea wanyama hatia. Nchini aliwachosha wengi, na wapo waliohoji kwa nini maisha ya Mwingereza mmoja yapewe uzito kiasi hicho. Hoja hiyo ina ukweli wake, ingawa kosa la kuwapuuza wengine halikuwa la Julie wala la babake.

Mwaka 1997 kikosi kipya cha polisi wa Kenya kiliipokea faili, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa walinzi wa mbuga wakati wa tukio, ambaye ndiye aliyeyafikia masalio siku ile ya msako, akakamatwa na kushtakiwa. Upande wa mashtaka uliuliza aliwezaje kufika moja kwa moja mahali hapo katika mbuga kubwa namna hiyo. Mshtakiwa alikana, akieleza kwamba tai waliokuwa wakizunguka angani ndio waliomwongoza. Mnamo Septemba 1999 Jaji Daniel Aganyanya alimwachilia huru. Kisheria, yeye na wale walinzi wawili hawana hatia.

Kilichobaki kilihamia Uingereza. Polisi wa Lincolnshire walichunguza jinsi wenzao wa London na maafisa wa serikali yao walivyoishughulikia kesi, na hitilafu walizoziona hazikuwa za Nairobi pekee. Mwezi Aprili 2004, katika kesi ya uchunguzi wa kifo iliyofanyika Ipswich, ilielezwa kwamba maelezo ya baadhi ya maafisa wa Uingereza yalikuwa na migongano na mambo yasiyo ya kweli. Kwa Ward, aliyeamini kwa miaka mingi kwamba ubalozi wa nchi yake ulikuwa upande wake, hilo lilimuuma kuliko lolote alilotendewa na polisi wa Kenya. Msimamizi wa uchunguzi huo, Dkt Peter Dean, alihitimisha kwamba Julie aliuawa kinyume cha sheria, hitimisho lile lile ambalo hakimu Mango alikuwa amelifikia miaka 15 awali.

John Ward aliaga dunia mwaka 2023 akiwa mzee aliyepindukia miaka 80. Tangu hukumu ya mwaka 1999, hakuna mtu mwingine aliyewahi kufikishwa kizimbani kwa mauaji ya bintiye.